Sura ya Sita: Kibla ya Ghala

Sanduku lilikuwa limepasuka kama muhogo uliosahauliwa motoni. Sajini Tatu Sabiri, mpelelezi wa polisi, alichuchumaa mbele yake katika stoo ya zahanati ya Misima, tochi mkono mmoja, mkono wa pili umeziba pua kwa ncha ya mtandio. Tindikali bado ilikuwa inanuka.

Stoo yenyewe ndogo, haina dirisha. Humo ndimo zilimowekwa betri mbili za sola, ndani ya sanduku la mbao, ziendeshe jokofu la chanjo na taa za chumba cha kujifungulia. Jioni moja nesi wa zahanati, Grasiana, alisikia harufu ya yai viza. Akaingia na kibatari kinawaka, akainua mfuniko atazame. Betri ikalipuka. Tindikali ikamrukia usoni, na chanjo za watoto wa kata nzima zikaharibikia kwenye jokofu. Sasa alikuwa amelazwa Korogwe, macho yote mawili yamefungwa bendeji. Daktari alisema jicho la kulia litaona; la kushoto, tuombe Mungu.

Na mwenye kosa? Wallahi, hapo watu hawakutaka hata kufikiri, maana kibati kilikuwepo.

Miaka ile soko huria lilikuwa limechanganya. Ushirika umekufa, mashamba ya mkonge yanauzwa, na maduka ya barabarani yanauza kila kitu, kuanzia viatu vya mitumba hadi paneli za sola. Kila mwenye bisibisi alijiita fundi. Nyumba ziliungua, redio ziliungua, watu walinung'unika, hadi likaanzishwa darasa la mafundi sola pale Kilole, Korogwe. Ukifaulu mtihani wa kuandika na ule wa mikono unapewa cheti, na pamoja nacho vibati: vipande vya bati vyenye namba yako, upigilie kimoja kwenye kila kazi uliyoifunga mwenyewe. Maana yake ni kwamba nimefunga mimi, ikiharibika niulizeni mimi.

Kibati cha sanduku hili kilikuwa namba saba. Namba saba alikuwa Hafsa Mbwana, mzaliwa wa Misima hapo hapo, mwanamke pekee aliyefaulu darasa lile. Juzi alikuwa amekamatwa, akatiwa mahabusu Handeni. Kesho asubuhi faili lake lingekwenda kwa hakimu, na kesho hiyo hiyo, kule Korogwe, kamati ya darasa ingekaa. Kila mtu alijua itaamua nini: Hafsa anyang'anywe cheti, na wasichana wote walioomba kuingia darasa la pili warudishwe makwao. "Mwanamke na umeme wapi na wapi," watu walikuwa wanasema sokoni, tena wanasema kwa raha.

"Kesi hii imekwisha, Tatu," mkuu wake alikuwa amemwambia. "Kibati kimesema kila kitu."

"Naomba leo tu, afande."

"Ya nini?"

"Ya kutazama."

Basi akatazama. Sanduku halikuwa na tundu hata moja. Kila kona ilikuwa imezibwa kwa gundi, mfuniko unabana hata hewa haipiti. Na kidhibiti, kile kiboksi kidogo kinachoizuia betri isijazwe kupita kiasi, kilikuwa kimerukwa: nyaya zilitoka kwenye paneli moja kwa moja hadi kwenye betri. Betri ilikuwa inashindiliwa umeme kutwa nzima, ikichemka, ikitoa hewa, na hewa haina pa kutokea. Ilikuwa inamngoja mwenye kibatari tu.

Tatu alikumbuka kazi nyingine ya Hafsa aliyokwenda kuiona jana yake, katika boma la mfugaji mmoja, mzee Kisemei. Sanduku la kule lilikuwa na matundu juu na chini, yamefunikwa kwa wavu wa chandarua.

"Huyu mtoto alinisumbua," Kisemei alikuwa amelalamika. "Nikamwambia, ziba, mijusi itaingia. Akanijibu, mzee, betri lazima ipumue. Sasa betri ina mapafu?"

Mtu aliyebishana na mzee wa Kimasai bomani kwake kwa ajili ya matundu, angekuja kuyasahau kwenye zahanati ya kijiji chake mwenyewe? Haikumwingia Tatu akilini. Lakini akili ya mpelelezi si ushahidi, na mkuu wake angemjibu kwa neno moja tu, kwamba alikuwa na haraka.

Akachukua koleo, akang'oa kibati. Kilitoka na misumari yake miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Akakigeuza kwenye mwanga. Kumbe! Juu palikuwa na tundu jingine, na chini jingine, yote mawili matupu. Vibati hutoka darasani vizima, havina tundu hata la sindano. Ni msumari wako ndio unaotoboa. Na mgongoni, kuzunguka yale matundu matupu, palikuwa pamegandia magamba ya rangi nyekundu. Sanduku la Misima lilikuwa la mbao tupu, halijawahi kuonja rangi.

"Wewe umetoka kwingine," Tatu alikiambia kibati, akakitia kwenye bahasha.

Alipotoka nje alimkuta Lekishon, mlinzi wa zahanati, Mmasai wa makamo, ameegemea rungu lake kivulini.

"Lekishon, siku sola inafungwa ulikuwepo?"

"Nilikuwa kisimani na ndama, afande. Kijiji chote kilikwenda kwenye arobaini kule bondeni, na nesi alifuata chanjo Korogwe. Lilikuja gari, likaondoka. Nilimwona mtu juu ya paa, kwa mbali."

"Mwanamke au mwanamume?"

"Ovaroli ya bluu."

"Nimekuuliza mwanamke au mwanamume."

"Na mimi nimekujibu. Ng'ombe wa kule kilimani naweza kukwambia kama ana mimba. Mtu wa ovaroli ni mtu wa ovaroli tu."

Tatu alicheka bila kutaka. Lakini kicheko kilimkauka haraka, kwa sababu darasa la Kilole liliwagawia wahitimu wake ovaroli za bluu. Ushahidi ulizidi kumwangukia Hafsa.

Akaomba ngazi. Lekishon akaishika, akitazama pembeni kwa adabu, na Sajini akapanda hadi ukingo wa paa. Paneli ilikuwa nzima, imefungwa kwa nguvu, nati zimekazwa hadi zimeacha alama. Ila kulikuwa na kitu kinamsumbua jicho. Kule darasani, jana, mwalimu alikuwa amemweleza mambo ya kwanza kabisa wanayofundishwa: kwa huku kwetu paneli iangalie kaskazini, na ukikosa dira usihangaike, tafuta Kibla, maana kutoka Handeni na Korogwe Kibla iko kaskazini. Wanafunzi wote walishika hilo, Waislamu na Wakristo. Mwalimu alimwazima hata dira ya darasa, akajionee. Tatu akaitoa mfukoni. Paneli ilikuwa imekwenda upande, imeelekea magharibi kuliko inavyotakiwa, tena si kidogo.

Fundi aliyekaza nati namna ile hakuwa mtu wa kulegeza mambo. Aliitega pale kwa makusudi, akiamini ndipo. Tatu akatazama alikoelekea yule fundi. Ng'ambo ya barabara ulikuwa msikiti wa kijiji, jengo refu la matofali lililopakwa rangi ya kijani, mwezi na nyota juu ya paa. Ukuta wake na paneli vilikuwa sambamba.

"Basi alifuata Kibla kweli," akasema, moyo ukamzama. Kama paneli imefuata msikiti, basi fundi alifuata somo la darasani, na aliyefaulu somo hilo hapa Misima ni mmoja tu.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Sajini akashuka, akatawadha kwenye bomba la zahanati, akavuka barabara.

Wanawake walikuwa na sehemu yao nyuma, nyuma ya turubai la lori. Tatu alisimama katikati ya bibi wawili, akauelekea ukuta wa mbele kama msikitini kokote. Bibi wa kushoto akamshika kiuno, akamgeuza kama anayegeuza kiti.

"Mistari, mwanangu. Fuata mistari."

Tatu akatazama chini. Sakafuni palikuwa pamechorwa mistari ya chokaa, nayo ilikwenda mshazari kutoka ukuta hadi ukuta. Mikeka imelazwa mshazari, wanawake wamesimama mshazari, na kwa tundu la turubai aliona wanaume nao wako vivyo hivyo, wote wameupa ukuta wa mbele bega. Mungu amsamehe, ile sala aliisali nusu. Kila alipoinama kusujudu alikuwa anaihesabu pembe, na alipotoa salamu alikuwa wa kwanza kusimama.

Imamu, Mzee Isihaka, alikuwa anavaa kandambili mlangoni. Kabla ya uimamu alikuwa mtunza ghala wa ushirika, na hadi leo alikuwa na ukali wa mtu aliyezoea kusaini magunia.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona humu ndani mmepinda?"

"Hatujapinda sisi. Limepinda ghala." Mzee alipiga ukuta kofi. "Hili lilikuwa ghala la ushirika. Wakalijenga kufuata barabara, ili lori lipakie bila taabu. Mahindi yana Kibla? Ushirika ulipokufa tukaliomba, tukalipaka rangi, tukatia mwezi juu. Ukuta tusingeweza kuugeuza. Tukageuka sisi."

"Na mtu wa nje atajuaje?"

"Hawezi kujua. Mpaka avue viatu aingie."

"Hafsa Mbwana alikuwa anaingia?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Hiyo mistari ya upande wenu, unadhani aliichora nani? Hafsa, na dira yake ya shule. Bibi zake walikuwa wanasali kila mmoja na Kibla yake, akaona aibu. Siku nzima kapiga magoti na kopo la chokaa."

Tatu alitamani kumkumbatia yule mzee, ila kwa heshima ya msikiti akamshika mkono tu, akautikisa kupita kiasi. Hafsa aliijua pembe ile kwa magoti yake. Aliyeitega paneli ni mtu aliyejua kanuni ya Kibla, lakini hakuwahi kuvua viatu mlangoni pale. Alijifunza Kilole, lakini si mtu wa msikiti huu. Kupinda kwa paneli hakukulipua betri, la. Lakini kulikuwa sahihi ya fundi, aliyoiweka pasipo yeye kujua.

Landrova ya polisi ilimfikisha Handeni jua likiwa bado kali. Hafsa aliletwa kutoka mahabusu, mwanamke mwembamba, kichwa kafunga kanga, macho yamevimba. Hakukaa hadi alipoambiwa akae, akawekewa kikombe cha chai.

"Nimekuja na swali moja," Tatu alisema. "Umefunga kazi ngapi tangu upate cheti?"

"Mbili, afande. Kwa mzee Kisemei, na dukani kwa Habakuki, pale Mkata. Sanduku la maonyesho, wateja waone taa zinavyowaka. Ya Misima sikuifunga mimi. Siku ile nilikuwa na homa chumbani kwangu Kilole, peke yangu. Nimesema, nimechoka kusema."

"Sanduku la Mkata lina rangi gani?"

"Jekundu. Alitaka lionekane barabarani."

"Kibati ulikipigilia vipi?"

"Msumari juu, msumari chini. Ndivyo tulivyofundishwa, maji yasikae." Hafsa alinyanyua uso taratibu. "Kwa nini?"

"Kunywa chai yako," Tatu alisema. "Nitarudi kukuchukua."

Mkata ni mji wa barabara. Mabasi yanasimama, mahindi ya kuchoma yanapita madirishani, na kila duka linapiga redio yake. Duka la Habakuki ndilo kubwa kuliko yote. Mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye shingo nene na mikono isiyotulia, anauza betri, nyaya, paneli, na juu ya kaunta, kwenye vining'inizio, ovaroli za mitumba. Tatu alizihesabu kwa jicho: za bluu zilikuwa nyingi kuliko rangi nyingine zote. Basi hapo ile ovaroli aliyoiona Lekishon ilikwisha thamani.

"Karibu sana, afande! Ni lile jambo la Misima? Nasikitika mno. Vifaa nimeuza mimi, vizuri kabisa, lakini fundi ndiye huyo mliyemkamata."

"Alikuja kuvichukua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa gari la nani?"

"La kwangu, pikapu."

"Nani aliendesha?"

Mikono ya Habakuki ilipanga betri ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa. "Dereva."

"Naweza kuongea naye?"

"Ameacha kazi."

"Anaitwa nani?"

"Hawa vijana, afande, wanakuja wanaondoka, nani atawakumbuka majina?"

Njia ya mwongo fupi, lakini Tatu hakuwa na haraka ya kuimaliza. Alisogea kwenye sanduku jekundu la maonyesho lililowekwa mlangoni. Matundu ya kupumulia yalikuwepo, juu na chini, na wavu wake. Ubavuni palikuwa na alama ya mraba ambapo rangi ilikuwa imebanduka, na vitundu viwili vya misumari, juu na chini.

"Kibati kilichokuwa hapa kimekwenda wapi?"

"Watoto, afande! Watoto wa barabarani hawaachi kitu."

"Ni kweli, watoto," Tatu alisema kwa upole. "Sasa, bwana Habakuki, mimi haya mambo ya sola siyaelewi hata kidogo. Natafuta mtaalamu anieleze. Nimesikia na wewe ulikaa darasa la Kilole."

Shingo nene ikanyooka. "Nilikaa. Nikaliacha. Hawakuwa na jipya la kunifundisha."

"Basi nisaidie. Panda gari twende Misima."

Alipanda. Mtu anayeitwa mtaalamu mbele ya wateja wake atapanda gari lolote, hata la polisi. Handeni wakampitia Hafsa, naye akakaa nyuma na askari.

Kivuli cha zahanati kilikuwa kimeanza kurefuka walipofika. Mzee Isihaka alikuwepo, kwa sababu Tatu alimwomba awepo. Lekishon alikuwepo kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kina mama kadhaa wenye watoto mgongoni walisimama mbali wakinong'ona. Tatu akamwacha Hafsa ndani ya Landrova, madirisha yamefungwa, akampeleka Habakuki katikati ya uwanja.

"Tuseme ile paneli imeanguka. Nawe huna dira. Utaielekeza wapi?"

"Rahisi. Kibla. Ndivyo wanavyofundisha."

"Lakini wewe si Mkristo?"

"Afande, dini ni dini na kazi ni kazi. Kibla ni kaskazini, basi."

"Nionyeshe."

Habakuki aliinua mkono, akautupa mbele sambamba na ukuta wa kijani wa msikiti. Hakusita hata kidogo.

"Una hakika?"

"Msikiti si ule pale? Mwenye macho haambiwi tazama."

Tatu alitazama mkono, akatazama paa. Mkono wa Habakuki na ile paneli vilikuwa ndugu wa baba na mama mmoja. Lekishon naye aliona. Akatoa sauti ya kooni, ile wanayoitoa wafugaji wakiona ng'ombe wa jirani anaingia zizini kwao.

"Usiushushe huo mkono," Tatu alisema. Akafungua mlango wa gari. "Hafsa, njoo. Kibla iko wapi?"

Hafsa hakuelewa anaulizwa nini na kwa nini. Hakuutazama msikiti hata mara moja. Aligeuka tu, akaupa ukuta wa kijani bega, akanyoosha mkono kuelekea kisimani. Mikono miwili ilisimama hewani, kila mmoja na njia yake. Tatu akaweka dira chini, kati yao, akangoja mshale utulie. Ukatulia kwenye mkono wa Hafsa.

Mzee Isihaka alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Bwana Habakuki! Miaka yote hii unapita hapa na pikapu yako, hukuwahi hata kuja kutusalimia ndani?"

"Sielewi," Habakuki alisema. Mkono ulikuwa umemshuka wenyewe.

"Msikiti huu umejengwa juu ya kosa," Tatu alisema. "Wanaoingia wanalijua. Ghala limekwenda upande, watu wanasali mshazari. Mtu aliyetega paneli ile aliufuata ukuta kutoka nje, kama ulivyoufuata wewe sasa hivi. Hafsa asingeufuata. Mistari ya ndani kaichora yeye." Akatoa bahasha. "Na kibati hiki kina matundu manne na rangi nyekundu mgongoni. Nikikupeleka nacho Mkata, nikakiweka pale kwenye sanduku lako, matundu mawili yatalingana au hayatalingana?"

Habakuki akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

"Dereva nilikuwa mimi," akasema.

Mzee Isihaka akaacha kucheka.

"Zahanati walitaka fundi mwenye cheti. Mimi sina. Nilishindwa mtihani wa mikono. Miaka nauza betri mimi, kabla huyu hajajua bisibisi ni nini, halafu mwalimu ananiambia rudia, ukae na Hafsa benchi moja akuonyeshe. Anionyeshe! Mtoto wa juzi, wa kutumwa kiberiti dukani!" Alijipiga kifuani. "Nikasema nitafunga yangu, tena imara kuliko za kwake. Nikaziba kila tundu, wezi wasiingie, vumbi lisiingie. Kile kiboksi nikaona kinapunguza umeme, nikakiruka. Haki ya Mungu, nilitaka iwe imara. Nimekwenda hospitali kumwona nesi, nimempelekea mapapai. Akanishukuru. Amefungwa macho, hajui ni nani, ananishukuru!"

Hafsa alikuwa amejishika kwenye mlango wa Landrova. Hakuwa amelia mbele ya mtu tangu akamatwe. Sasa akalia kwa sauti, bila kujificha, na mmoja wa wale kina mama akatoka kwenye kundi lao akaja kumshika.

Tatu aliingia garini akamwita mkuu wake kwenye redio. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili, akakohoa.

"Faili la msichana nalizuia. Kamati je? Wana hasira, watataka kusikia kitu."

"Waambie hivi, afande. Aliyelipua betri ni aliyekosa cheti, si aliyekuwa nacho. Wakifunga darasa hilo, au wakiwazuia wasichana hao, akina Habakuki ndio watakaobaki juu ya mapaa yetu."

Redio ilikwaruza. "Andika maneno hayo kama ulivyoyasema. Nitawasomea mwenyewe."

Alipotoka, alimrudishia Hafsa mfuko wake wa kazi, uliochukuliwa siku ya kukamatwa. Hafsa aliufungua, akakagua kila kitu: bisibisi, koleo, wavu, kidhibiti kipya bado kina nailoni. Akafuta uso kwa kanga.

"Kwa hiyo niko huru?"

"Uko huru. Na kesho nenda kwenye hiyo kamati ukakae mbele."

Askari alikuwa amekwisha mtia Habakuki pingu, anamwongoza garini. Walipopita mlango wa stoo, Habakuki akasimama. Askari akamvuta, hakwenda.

"Hafsa," alisema. "Kibla nimeelewa. Lakini humo ndani, nilikosea wapi? Nilifunga kwa akili yangu yote. Bado sielewi kwa nini ililipuka."

"Twende, mzee!" askari alifoka.

Hafsa alimtazama. Hakuwa na huruma usoni, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Nesi Grasiana analala gizani kwa ajili yako," alisema.

"Najua."

"Na mimi nimelala sakafuni na wezi."

"Najua, mwanangu."

"Siku moja utatoka. Utarudi dukani, watu watakuita upande paa, na wewe utapanda, nakujua." Kisha Hafsa akakaa kwenye ngazi ya mlango, akautoa kile kidhibiti kwenye nailoni, akapapasa nafasi kando yake. "Kaa. Bora upande unajua. Kwanza, hewa ya betri ni nyepesi, inapanda, ndiyo maana tundu linakaa juu. Pili, kiboksi hiki hakipunguzi umeme. Kinaitazama betri, ikishiba kinaifungia mlango. Waya wa paneli unaingia hapa. Si hapo, hapa! Fungua nati uone."

Habakuki alikaa. Alichukua bisibisi aliyopewa, akajaribu kuigeuza, lakini mnyororo wa pingu ukamzuia. Akajaribu tena, bisibisi ikaanguka. Hafsa akaiokota, akampa tena, akangoja.

Askari alimtazama Sajini. Sajini alitazama jua, akatazama barabara ya Handeni, akatazama wale kina mama waliokuwa wamesogea karibu kuona.

Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akainama, akamfungua Habakuki mkono mmoja ili aweze kushika bisibisi.